Mswada Huanzia Uwandani: Maoni kuhusu Uandaaji wa Makala ya Kitaalamu Yatokanayo na Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Kila jarida la kitaalamu lina ukurasa wa maelekezo kwa waandishi. Humo mwandishi huambiwa kwamba mswada upigwe chapa kwa nafasi mbili, uwe na ikisiri fupi, majedwali yapewe namba, tanbihi zisiwe nyingi, na marejeo yafuate mtindo uliokubaliwa. Maelekezo hayo ni ya lazima. Mhariri apokeaye miswada ishirini, kila mmoja ukiwa na mtindo wake, hupoteza kwa usafishaji muda ambao angeutumia kupima hoja. Hatukusudii, basi, kuyabeza.

Tunachokusudia kuonyesha katika makala haya ni kwamba maelekezo hayo humkuta mwandishi akiwa amechelewa. Yanamchukulia kuwa ni mtu aliyekwisha rudi kutoka uwandani, ameketi mezani, na kilichobaki ni kupanga karatasi. Kumbe makosa yanayoudhuru mswada zaidi huwa yamekwisha tendeka kabla ya hapo: mahali pamepewa jina lisilo lake, lugha imeitwa kwa jina la lugha nyingine, tarehe ya mahojiano haikuandikwa, na neno alilotamka msailiwa limefasiriwa papo hapo na la asili likatupwa. Hakuna mhariri awezaye kuyarekebisha hayo kwa kalamu nyekundu.

Msimamo wetu ni kwamba mswada wa kitaalamu huanza kuandaliwa uwandani, na kwamba kipimo chake cha kwanza kiwe hiki: je, msomaji aliyeko mahali palipochunguzwa anaweza kuyatambua yaliyoandikwa na kuyapima? Tutautetea msimamo huu kwa mifano kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

2.0 Kwa Nini Ngara na Biharamulo

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, penye daraja la kuingilia Rwanda. Biharamulo iko mashariki ya Ngara; barabara itokayo Rusumo hupita Lusahunga na Nyakanazi ikielekea Kahama. Katika eneo hili husikika Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza, Kisumbwa, Kihaya na Kisukuma, na juu ya zote Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya shule, ya ofisi na ya soko.

Kabla ya mwaka 1994 wilaya hizi hazikuandikwa sana. Mwisho wa Aprili mwaka huo, watu waliokadiriwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda. Kambi za Benaco, Lumasi, Musuhura na Lukole zikawa majina yaliyosomwa duniani kote. Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao mwezi Desemba 1996. Lukole, iliyokuwa na Warundi, ilifungwa mwaka 2008.

Kambi zimekwisha kuondoka, lakini makala yamebaki. Beth Elise Whitaker aliandika mwaka 2002 juu ya mgawanyo wa faida na hasara miongoni mwa wenyeji wa magharibi ya Tanzania. Simon Turner alitoa mwaka 2010 kitabu kizima juu ya maisha na siasa za kambi ya Lukole. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walichunguza athari za wakimbizi katika bei za vyakula, na Jean-François Maystadt pamoja na Philip Verwimp, mwaka 2014, walipima nani alinufaika na nani aliumia. Hawa wawili wa mwisho walitumia data za uchunguzi wa afya na maendeleo wa Kagera, ulioanzishwa mwaka 1991 na Benki ya Dunia pamoja na Muhimbili, ukafuata kaya zaidi ya 900 za mkoa huo hadi 1994, zikiwemo za Ngara na Biharamulo, na ambao ulirudiwa mwaka 2004 na 2010. Lengo lake la awali lilikuwa kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa UKIMWI. Wakimbizi walipofika, ilitokea kwamba hali ya kaya za Kagera kabla ya ujio wao ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Tunayataja maandishi haya kwa heshima. Ni kazi nzito, na baadhi yake ni za mfano. Lakini zote ziliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo. Mwalimu wa sekondari wa Rulenge au ofisa kilimo wa Biharamulo, ambaye ndiye angeweza kusema kwamba bei fulani haikuwa ya soko bali ya mnada, au kwamba kijiji fulani kimeandikwa upande usio wake wa barabara, hana njia ya kuyafikia. Hivyo elimu juu ya wilaya hizi imekua bila ya kupitia mikononi mwa watu wenye uwezo wa kuisahihisha. Hilo ni pungufu la kitaalamu kabla ya kuwa suala la haki, kwa sababu madai yasiyoweza kupimwa na wayajuao mahali yamekosa nusu ya mtihani wake.

3.0 Jina la Mahali na Tarehe Yake

Tuanze na lililo rahisi. Benaco, jina lililojaa katika maandishi ya miaka ya 1990, halikutoka katika Kihangaza wala Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi iliyopiga kambi yake hapo wakati wa kazi ya barabara. Mahali penyewe pamo katika eneo la Kasulo. Jina la kampuni lilishika, na leo hata wenyeji hulitumia. Mwandishi hana haki ya kulifuta. Lakini mswada usemao Benaco tu, bila ya kutaja Kasulo na bila ya kueleza kama unazungumzia kambi iliyokuwapo kuanzia 1994 au mji mdogo uliopo sasa, unamwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Kasulo nayo ina mtego wake. Mkoani Kigoma iko wilaya ya Kasulu, ambayo nayo imepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Tofauti ni irabu moja. Mhariri asiye mwenyeji, akiiona Kasulo, huenda akadhani ni kosa la chapa, akaandika Kasulu kwa nia njema. Na kwa irabu hiyo moja ushahidi wote utakuwa umehamishiwa mkoa mwingine. Kinga yake ni nyepesi: mahali patajwe mara ya kwanza kwa kata, wilaya na mkoa.

Mipaka ya utawala inahitaji uangalifu zaidi. Mkoa tuuitao Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. Biharamulo ya sensa ya mwaka 2002 ilifika Ziwa Viktoria, kwa kuwa Chato ilikuwa bado sehemu yake, na ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 400,000. Biharamulo ya sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu wapatao 323,000. Mwanafunzi atakayeziweka tarakimu hizi mbili katika jedwali moja ataona kwamba watu walipungua sana, na huenda akatafuta sababu katika kuondoka kwa wakimbizi, au katika maradhi, au katika uhamaji. Sababu kubwa ni kwamba Chato ilitengwa ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Jedwali litakuwa limenakiliwa sawasawa kutoka vitabu vya serikali, na bado litakuwa la uongo.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila tarakimu ya wilaya iandamane na mwaka wa mpaka wake. Vivyo hivyo tarakimu za makadirio ziandikwe kuwa ni makadirio, pamoja na kutaja aliyekadiria na wakati alipokadiria. Wale 250,000 wa Rusumo ni mfano mzuri: idadi hiyo ilitolewa katikati ya dharura, na mwandishi anayeitumia kama hesabu ya watu waliohesabiwa mmoja mmoja anaipa uzito ambao waliotoa hawakuwa na njia ya kuupata.

4.0 Jina la Lugha na Uzito Wake

Kwa wanaisimu, jina la lugha ndilo data ya kwanza, na katika eneo hili ndipo miswada mingi huvurugika. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, aliweka lugha moja aliyoiita Subi chini ya D64, jirani ya Hangaza D65, katika kundi la Kirundi na Kinyarwanda. Kizinza na Kihaya akaviweka mbali, katika ukanda wa E. Baadaye wataalamu waliunganisha sehemu za kanda hizo mbili katika ukanda wa J, na ndiyo maana leo tunasoma JD64 na JD65. Orodha ya kimataifa ya alama za lugha, ISO 639-3, ya mwaka 2007, ina alama mbili: suj kwa Shubi na xsj kwa Subi. Uwandani mtafiti husikia Kishubi, Kisubi na Kirusubi, na mara nyingine mzungumzaji mmoja hutumia majina mawili kwa siku moja.

Je, tuna lugha moja yenye majina matatu, au lugha mbili zenye majina yaliyokaribiana? Jibu halitapatikana katika mswada usemao tu kwamba data zake zinatokana na Kisubi. Mwandishi anapaswa aseme wazungumzaji wake wenyewe wanaiitaje lugha yao, jirani zao wanaiitaje, alikuwa katika kata ipi, na jina hilo analilinganisha na alama ipi katika uainishaji upi. Hayo ni maelezo ya mistari minne. Bila ya mistari hiyo, kurasa ishirini za uchambuzi wa vitenzi zinaning'inia hewani. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imetupa mahali pa kuanzia. Si mahali pa kukomea.

Uzito wa jina la lugha hauishii katika isimu. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi, na wazungumzaji wa pande mbili husikilizana. Ni jambo jepesi, basi, kwa mwandishi kuandika kwa haraka kwamba Kihangaza ni lahaja ya Kirundi, au kwamba wenyeji wa Ngara huzungumza aina ya Kirundi. Katika chumba cha semina sentensi hiyo ni dai la kawaida la uainishaji, na itajibiwa kwa orodha za maneno. Mpakani husomwa vingine. Mwezi Julai 2013 watu waliokuwa wakiishi nchini bila ya vibali waliamriwa kuondoka, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wameishi Tanzania kwa miaka mingi. Katika hali kama hiyo jina la mtu, lafudhi yake na lugha ya mama yake vinaweza kuchukuliwa kuwa hati ya uraia, au hati ya kukosa uraia.

Hatusemi kwamba mwanaisimu afiche ukaribu wa Kihangaza na Kirundi. Ukaribu huo ni ukweli, na taaluma haiwezi kuutii mpaka uliochorwa na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Tunasema kwamba mswada utenganishe waziwazi mambo matatu: uhusiano wa lugha, nasaba ya watu, na uraia. Sentensi moja katika utangulizi, isemayo kwamba ufanano wa lugha hauthibitishi asili wala uraia wa mzungumzaji yeyote, haigharimu kitu. Kutokuwapo kwake kunaweza kumgharimu mtu ambaye hatalisoma jarida hilo maisha yake yote.

5.0 Data Zinazoweza Kurudiwa

Sehemu ya tatu ya uandaaji ni data zenyewe. Tuchukue mfano kutoka lugha jirani zilizochunguzwa zaidi. Katika Kirundi, kitenzi chenye maana ya kufanya kazi ni gukora, na chenye maana ya kuona ni kubona. Kiambishi cha kitenzi-jina ni kile kile. Konsonanti yake hubadilika kuwa g pale mzizi unapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl. Katika Kihaya badiliko hilo halipo: tuna okukola na okubona, tena kukiwa na irabu tangulizi. Mtafiti afanyaye kazi Ngara na Biharamulo yumo katikati ya maeneo haya mawili. Mzungumzaji mmoja akisema ku- na mwingine gu-, huenda hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote alizokusanya. Lakini iwapo uwandani ameandika kwa tahajia aliyoizoea, akisawazisha viambishi vyote ili daftari lipendeze, ameifuta isogulosi kwa mkono wake.

Toni na urefu wa irabu huleta hasara ya namna hiyo hiyo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, umbo liandikwalo inda laweza kuwa tumbo na laweza kuwa chawa. Maandishi ya kawaida hayatofautishi, sikio ndilo litofautishalo. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake haina toni za kileksika, yu katika hatari zaidi ya kuliacha jambo hili, kwa kuwa alfabeti aliyozoea humwambia kwamba hakuna kilichopungua. Mswada wa isimu utokao katika eneo hili bila ya alama za toni na za urefu wa irabu, au bila ya tamko la wazi kwamba hazikuwekwa na kwa nini, urudishwe kwa mwandishi kabla ya kupelekwa kwa wasomaji.

Tunapendekeza kwamba kila mfano uwe na mistari mitatu: umbo kama lilivyotamkwa, maana ya kila mofimu, na tafsiri ya Kiswahili sanifu. Mahali pa kurekodia, mwezi na mwaka, umri wa msemaji kwa makadirio, na lugha nyingine azijuazo vitajwe katika tanbihi moja mwanzoni. Jina la msemaji lisitajwe, isipokuwa yeye mwenyewe ametaka, baada ya kuelezwa maana ya kuchapishwa.

Hapa pana mvutano ambao hatupaswi kuukwepa. Tumetaka data zipimike, na papo hapo tunataka wasemaji walindwe. Mahojiano juu ya ardhi, wizi wa mifugo, au asili ya familia, katika kijiji kilicho kilomita chache kutoka mpakani, yakitajiwa kijiji, umri na kazi ya msemaji, yameshamtaja mtu hata kama jina limeachwa. Kwa maoni yetu njia ni kutofautisha aina za data. Maumbo ya lugha, methali na majina ya mimea yapewe mahali kamili. Masimulizi ya maisha yapewe wilaya tu, na kumbukumbu kamili zihifadhiwe katika idara kwa masharti. Uchunguzi wa kaya za Kagera tulioutaja umeonyesha kwamba data za watu binafsi na madodoso yake vinaweza kuwekwa wazi kwa watafiti wengine bila ya kuwaanika waliohojiwa. Wanaisimu na wanafasihi hatuna sababu ya kubaki nyuma ya wanauchumi katika jambo hili.

6.0 Lugha ya Mahojiano na Lugha ya Mswada

Si nadra kusoma makala juu ya magharibi ya Tanzania ambayo hayasemi mahojiano yalifanywa kwa lugha gani, wala nani alifasiri. Msomaji hupewa maneno ya mkulima katika Kiingereza laini, kana kwamba ndivyo alivyosema. Pengine alisema kwa Kishubi, mkalimani akaeleza kwa Kiswahili, na mtafiti akaandika kwa Kiingereza. Maana imevuka mito miwili, na mswada hautaji hata daraja moja.

Neno mwenyeji linatosha kuwa mfano. Katika Kiswahili mwenyeji ni mtu wa mahali, na pia ni yule ampokeaye mgeni. Kiingereza huzitenganisha maana hizo kwa maneno mawili. Tofauti hii ingekuwa ya kimsamiati tu kama historia ya Ngara ingekuwa nyepesi. Lakini katika miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walipewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Mtu aliyefika wakati huo akiwa mtoto, mwaka 1994 alikuwa na shamba, wajukuu na nyumba ya kupokelea wageni. Je, katika jedwali aingie upande wa wenyeji au wa wakimbizi? Kwa maana moja ya neno yeye ni mwenyeji kamili, kwa nyingine bado ataulizwa maswali. Jedwali lenye safu iitwayo wenyeji, bila ya fasili, limekwisha kumwamulia jambo ambalo yeye, majirani zake na serikali huenda hawajaliamua.

Kwa hiyo mswada, uwe wa Kiingereza au wa Kiswahili, utoe orodha fupi ya maneno makuu kama yalivyotumika katika mahojiano: mwenyeji, mgeni, mkimbizi, kibarua, shamba, na mengineyo. Uandishi kwa Kiswahili hauondoi wajibu huu. Unaurahisisha, kwa kuwa hatua moja ya tafsiri inapungua. Lakini Kiswahili cha chuo kikuu si Kiswahili cha soko la Kasulo, na istilahi za Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 hazikutungwa ili ziwekwe kinywani mwa wasailiwa.

Juu ya hayo, tunaona ni lazima kila mswada wenye data za Tanzania, hata ukipelekwa jarida la nje, uandikiwe ikisiri ya Kiswahili yenye matokeo halisi, isiwe tafsiri ya ahadi za utangulizi. Vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na katika mambo ya afya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa huwa na mamlaka yake. Ripoti zinazofika ofisi hizo zinabaki Dar es Salaam. Nakala ya ikisiri iliyopelekwa kwa mkurugenzi wa wilaya, na nyingine katika maktaba ya shule ya sekondari iliyo karibu na eneo la utafiti, ingefanya kazi ambayo ripoti nene haijaifanya.

7.0 Pingamizi na Majibu Yake

Tunatarajia pingamizi tatu. Ya kwanza ni ya nafasi: majarida yana mipaka ya kurasa, na maelezo ya mahali, lugha na maneno makuu hula nafasi ya nadharia. Jibu letu ni kwamba tuliyoyadai hayazidi ukurasa mmoja na nusu. Miswada mingi ya wanafunzi wetu hutumia kurasa nne au tano kurudia historia ya nadharia ambayo wasomaji wa jarida wanaijua. Nafasi ipo, imekaliwa na asiye mpangaji wake.

Pingamizi ya pili ni ya wanataaluma vijana. Kupanda cheo chuoni kunategemea idadi ya makala, na majarida ya nje hayaulizi kata wala ikisiri ya Kiswahili. Kwa nini wajitwike mzigo usiolipwa? Hili ni jambo zito, na hatuwezi kulijibu kwa mahubiri. Lakini tunaona kwamba mswada wenye maelezo kamili ya data hurudishwa mara chache zaidi, kwa kuwa maswali ya kwanza ya msomaji mhakiki popote pale ni yale yale: wapi, lini, nani, kwa lugha gani. Sehemu iliyobaki ya jibu ni juu ya vyuo vyenyewe: kamati za vyeo zihesabu ikisiri na data zilizohifadhiwa kuwa ni sehemu ya kazi.

Pingamizi ya tatu ni ya kifalsafa. Huenda ikasemwa kwamba taaluma haipimwi na wenyeji, bali na wataalamu, na kwamba mkulima wa Biharamulo hana la kusema juu ya uchambuzi wa njeo. Tunakubali kwamba uchambuzi ni wa wataalamu. Lakini uchambuzi hujengwa juu ya kauli kwamba watu fulani, mahali fulani, husema hivi na hufanya hivi. Juu ya kauli hiyo mkulima ndiye shahidi, na mtaalamu ni mwandishi wa ushahidi tu. Asiyekubali kumrudia shahidi wake ana sababu ya kuuogopa ushahidi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uandaaji wa mswada si usafi wa mwisho bali ni nidhamu ya mwanzo. Mifano ya Kasulo na Kasulu, ya Biharamulo ya 2002 na ya 2012, ya Kishubi na Kisubi, na ya neno mwenyeji, yote inaonyesha kosa la aina moja: jambo lililoonekana dogo mno kuandikwa uwandani, likaja kuwa kubwa mno kusahihishwa mezani.

Kwa hiyo tunaziomba bodi za wahariri wa majarida ya Kiswahili ziongeze katika ukurasa wa maelekezo masharti matano. Kwanza, mahali pa utafiti patajwe kwa kata, wilaya na mkoa, pamoja na mwaka wa mipaka inayokusudiwa. Pili, jina la lugha lielezwe kwa matumizi ya wazungumzaji na kwa alama ya uainishaji. Tatu, data za lugha ziwe na toni, urefu wa irabu na mgawanyo wa mofimu. Nne, lugha ya mahojiano na aliyefasiri vitajwe, pamoja na maneno makuu ya asili. Tano, mwandishi athibitishe kwa maandishi kwamba ikisiri ya Kiswahili imepelekwa wilayani.

Masharti haya yakikubaliwa, mtafiti ajaye atakayesafiri kwenda Ngara au Biharamulo atayakuta tayari katika orodha yake ya safari, kabla hajafungua daftari. Hapo ndipo mswada wake utakuwa umeanza.